Wazazi tusiwamalizie watoto wetu muda wa viza

Ndugu Mhariri, mimi ni mama wa hapa Ngamiani, Tanga, naomba nafasi niongee na wazazi wenzangu wenye watoto wanaosoma Uingereza na hasa wale ambao watoto wao wanapakia mabegi Septemba hii, maana kuna jambo nimelijua nimechelewa na limeniuma sana.

Mtoto wa marehemu dada yangu nimemlea mimi. Alienda Leicester Septemba 2024 kuchukua masta ya uhandisi wa umeme, na ajenti aliyemtafutia chuo alituambia akimaliza tu viza inageuka kuwa ya kazi na makampuni yatamgombania. Jamani hakuna kinachojigeuza. Ukimaliza kule unachagua mwenyewe upite wapi, na wengi wanakuwa na njia mbili. Kuna viza ya Graduate, hii haitaki mwajiri, unaiomba ukiwa huko huko kabla viza ya uanafunzi haijaisha na chuo kiwe kimeshaiambia wizara yao kwamba umefaulu, ukipewa unafanya karibu kazi yoyote. Wetu alilipa pauni 880 za maombi na 1,035 za matibabu kwa kila mwaka, miaka miwili jumla 2,950, ukizigeuza ni zaidi ya milioni 9 za huku, nusu tulichanga sisi.

Nyingine inaitwa Skilled Worker. Hiyo huipati mpaka mwajiri mwenye leseni ya serikali yao akutolee cheti cha udhamini, kazi iwe ya ngazi ya digrii, na tangu Julai 2025 mshahara usipungue pauni 41,700 kwa mwaka. Aliyetoka chuoni juzi anapunguziwa, anaanzia 33,400 au asilimia 70 ya kiwango cha mshahara wa kazi yenyewe, kile kilicho kikubwa. Sasa hapa ndo niliposhindwa kulala. Hilo punguzo mwisho wake miaka 4, na miaka ya Graduate inahesabiwa humo humo! Yaani kijana akiimaliza Graduate yote anapanga maboksi, siku anaenda kwa mwajiri punguzo limebaki la miaka miwili tu, na Graduate yenyewe hairefushwi, ikiisha imeisha. Wala haihesabiwi kwenye ile miaka mitano ya Skilled Worker ya kuombea ukaazi wa kudumu, ambayo nayo serikali yao ilitangaza Mei 2025 kwamba inataka kuifanya 10.

Kwahiyo mwenye mwajiri tayari, mwenye leseni na kazi ya fani yake, mi nasema apitilize Skilled Worker toka uanafunzi, inaruhusiwa mradi kazi ianze baada ya kozi kuisha. Asiye naye achukue Graduate, lakini aujue ule ni muda wa kutafutia, na hapo ndo sisi wa huku tunapoharibu.

Viza yake ilipotoka Desemba 2025 tulipika pilau barazani, na wiki haijaisha nikafungua daftari. Ninalo hapa mbele yangu, la jalada la kijani, mwandiko wangu mwenyewe: bati 24 za banda la uani, ada ya mdogo wake, sare za arusi ya binamu yake, deni la duka la Makorora. Kila mwezi nampigia picha ukurasa namtumia WhatsApp, naye anatuma, hajawahi kukataa hata siku moja, mi najua ameshapata kazi ya maana. Kumbe anapanga mizigo ghalani, shifti ya saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi, mchana kalala. Mwezi wa nne kanipigia video nikaona vidole vitatu vimefungwa plasta, nauliza ni nini, anasema "Mamdogo ni maboksi tu, yanakata." Nikamuuliza na zile kazi za umeme umeomba ngapi mwanangu, akanyamaza, halafu akasema toka Januari ameomba mbili. Mbili, mhariri, mtoto aliyekuwa anatengeneza redio za mtaa mzima.

Niliita kikao cha familia siku ile ile. Tukakubaliana miezi sita hakuna anayemuomba hela, na masika yametukuta na turubai na tumekaa. Yeye akapunguza shifti zikawa tatu kwa wiki, sasa anaangalia kwanza jina la kampuni kwenye orodha ya wenye leseni, iko wazi kwenye tovuti ya serikali yao, ndo anaandika maombi.

Katikati ya hapo akatokea mtu kule anauza cheti cha udhamini kwa pauni 12,000, kaka yangu akaanza kutafuta mteja wa kiwanja chetu cha Pongwe. Nikakataa kutia saini. Gharama ya cheti hicho ni ya mwajiri, na tangu mwisho wa 2024 hairuhusiwi kumrudishia mfanyakazi wa Skilled Worker, na kampuni ikinyang'anywa leseni viza yako inafupishwa, kwa kawaida zinabaki siku 60 upate mwingine au urudi. Kiwanja kingekwenda na mtoto angerudi.

Wanaoondoka Septemba hii wana muda mdogo zaidi ya wetu, maana kuanzia 1 Januari 2027 atakayeomba Graduate anapewa miezi 18, labda awe na PhD. Na wakiwa bado wanasoma msiwasukume kazini, mwisho wao kwa kawaida ni masaa 20 kwa wiki, na ile Julai na Agosti ya kuandika tasnifu kwa mtu wa masta siyo likizo hata kama chuo kiko kimya, akizidisha anaweza kunyimwa viza inayofuata. Kaeni naye kabla hajapanda basi, mpange nani atalipa ada ya wadogo zake mwaka ule wa kutafuta kazi, mwambieni kabisa kwamba hamtamdai.

Wetu ana intavyuu Jumanne, kampuni ya umeme wa reli, leseni wanayo, tumeangalia. Ni saa kumi jioni kwa saa zetu. Nimeshawaambia wote hapa nyumbani siku hiyo hakuna kumpigia mpaka apige mwenyewe.

Mama wa Ngamiani,
Tanga