Maua ya ofisini hayafi kwa kiu, yanakufa kwa maji

Mhariri,

Naomba nafasi niseme jambo kuhusu maua ya maofisini. Katika ofisi nyingi za Dar es Salaam, pale mapokezi, kuna chungu cha gharama chenye mmea uliolegea, majani yamekuwa ya njano. Bosi akiuona huagiza umwagiliwe zaidi, na hapo ndipo unapomaliziwa.

Mizizi inahitaji hewa. Udongo ukilowa muda wote, maji hukaa mahali pa hewa, mizizi huoza, na mmea hunyauka ilhali umesimama kwenye tope. Ndani hakuna jua wala upepo, kwa hiyo udongo ambao barazani ungekauka kwa siku mbili unaweza kukaa na unyevu wiki nzima. Achaneni na ratiba ya kikombe kila asubuhi. Chomeka kidole hadi kifundo cha pili. Kikitoka na udongo uliogandia, usimwagilie. Kikitoka kikavu, mwagilia mpaka maji yatokee chini, subiri nusu saa, kisha mwaga yote yaliyobaki kwenye kisahani.

Hicho kisahani si jambo dogo. Mbu wa Aedes, anayeeneza dengue, hutaga kwenye maji machache yaliyotuama, na huuma mchana, saa zile zile watu wako kazini. Jiji hili lilipata mlipuko wa dengue mwaka 2014 na tena 2019. Kwa joto letu, yai huwa mbu kamili kwa takriban siku 7 hadi 10. Wanaootesha mimea kwenye glasi ya maji mezani wabadilishe maji kila baada ya siku 5 na kuisugua glasi kwa ndani, maana mayai hunata ukutani na hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi.

Chungu lazima kiwe na tundu. Kama cha mapambo hakina, acha mmea kwenye kopo lake la plastiki lililotobolewa, ulitoe wakati wa kumwagilia na kulirudisha likishachuja. Kokoto chini ya chungu kisicho na tundu hazisaidii kitu. Udongo uwe sehemu mbili za udongo wa juu, moja ya mboji, moja ya mchanga wa mto. Mchanga wa pwani una chumvi.

Ncha za majani zikiwa za kahawia, mara nyingi ni chumvi ya maji ya kisima au upepo wa kiyoyozi unaopiga mmea moja kwa moja. Sogeza chungu, na kinga ndoo kwenye bomba la kiyoyozi: maji yale hayana chumvi, yanafaa kwa maua ingawa si ya kunywa. Mabaki ya chai ya maziwa yasimwagwe chunguni, yanaleta sisimizi na ukungu.

Kwa ofisi yenye mwanga hafifu, chagueni Zamioculcas, mmea wa asili ya huku kwetu Afrika Mashariki. Una viazi vinavyohifadhi maji chini ya udongo, hivyo kumwagilia kila baada ya wiki 2 au 3 kunautosha.

Mwisho, kazi hii apewe mtu mmoja kwa jina. Watu wanne wenye huruma, kila mmoja na kikombe chake, wanatosha kuuozesha mmea. Na kila Ijumaa kabla ya kufunga, mtu huyo akague visahani vyote.

Mtunza bustani,
Dar es Salaam