Barua kwa Baba na Mama kuhusu mtoto wa jicho

Leeds, Uingereza

Wapendwa Baba na Mama,

Shikamooni. Mimi ni mzima na kazi katika kliniki ya macho inaendelea vyema. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu jambo la macho ya Baba linahitaji maelezo marefu, na Lusajo ataweza kuwasomea taratibu na kurudia panapohitaji kurudiwa.

Mama aliniambia kwa furaha kwamba siku hizi Baba anasoma Biblia bila miwani, ingawa akiwa barabarani hamtambui mtu mpaka asikie sauti yake, na usiku taa za magari humtawanyikia machoni. Naomba niseme kwa heshima kwamba nafuu hiyo ya kusoma ndiyo iliyonishtua. Lenzi ya jicho inapokuwa ngumu katikati hupinda mwanga kuliko kawaida, hivyo mtu aliyezoea miwani ya kusomea huanza kuona vizuri vitu vya karibu huku vya mbali vikizidi kufifia. Hiyo ni dalili inayojulikana ya mtoto wa jicho, yaani ugonjwa wa lenzi kuingia ukungu, na nafuu yenyewe haidumu.

Baba husema ni uzee tu, na kwa sehemu kubwa yuko sahihi. Lenzi haina mishipa ya damu, na protini zilizo katikati yake ziliumbwa kabla hatujazaliwa, wala hazibadilishwi na nyingine maisha yote. Miaka inavyokwenda protini hizo huharibika na kushikamana, kama ute wa yai unavyokuwa mweupe ukipata moto, na mwanga hushindwa kupita sawasawa. Ndiyo maana hata hapa Leeds, ambako jua kali ni la nadra, wazee wa miaka 70 na 80 hawakosekani kwenye foleni yetu.

Hata hivyo umri haufanyi kazi peke yake. Mwaka 1988 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wavuvi 838 wa ghuba ya Chesapeake, wanaoshinda juani juu ya maji, wakaonyesha kwamba waliopata mionzi mingi zaidi ya urujuanimno, ile ya jua isiyoonekana kwa macho, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata aina mojawapo ya mtoto wa jicho. Nikisoma habari hiyo ninamwona Baba kwenye viazi vyake kule Kitulo, kichwa wazi tangu asubuhi. Mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Mbeya mjini iko kwenye mita 1,700 hivi na Kitulo iko juu zaidi. Baridi yetu inadanganya, kwa maana mtu anajifunika koti akidhani jua halina nguvu, kumbe macho yanachomwa vilevile. Kofia pana ya ukindu na miwani ya jua inayozuia kweli mionzi hiyo, si ile yenye giza tu, vingemsaidia sana Lusajo, ambaye bado ni kijana na analima shamba hilohilo.

Kuna pia moshi. Tafiti za India na Nepal zimeuhusisha moshi wa kuni na mtoto wa jicho kwa wanawake wanaopika ndani, na jiko letu halina dirisha. Naomba ukuta wa upande wa mgomba utobolewe kabla ya mvua, kwa ajili ya Mama na Atupele. Sigara nayo huongeza hatari, na kisukari vilevile, kwa hiyo Baba apimwe sukari.

Lipo jambo moja linalonitia hofu kuliko yote. Tafadhali msimnunulie matone ya macho dukani bila cheti cha daktari. Hakuna tone linaloondoa mtoto wa jicho, na yale yenye steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe, yanaweza kuuharakisha ugonjwa huo na kupandisha presha ya jicho, ambayo inaweza kuua kabisa mshipa wa kuonea.

Tiba ni upasuaji. Lenzi iliyochafuka hutolewa na kuwekwa ya bandia, utaratibu ulioanzishwa na daktari Harold Ridley jijini London mwaka 1949. Kwa kawaida mgonjwa hupigwa ganzi ya jicho tu, kazi huchukua kama nusu saa au pungufu, na wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Majirani wanaosema asubiri mpaka ukomae wanafuata ushauri wa zamani; ukikomaa kupita kiasi upasuaji huwa mgumu zaidi.

Naomba Lusajo ampeleke Baba kliniki ya macho ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, wapime macho yote mawili, presha ya macho na sukari. Nitatuma nauli na fedha za matibabu mwisho wa mwezi. Mkishapangiwa siku, nijulisheni mapema ili niombe ruhusa kazini na niwepo kwenye simu daktari atakapozungumza na Baba.

Mwanenu awapendaye,
Tumaini