Ramani za nyumba zioneshe sola kabla ya msingi

Ndugu Mhariri,

Hapa Dodoma nyumba mpya zinaota kila kona, na nyingi zimefuata fasheni ya paa la kuficha. Zinapendeza, sikatai. Kazi inakuja siku mwenye nyumba anapotaka kufunga sola. Bati limelala chini ya ukuta unaolizunguka, kwa hiyo asubuhi na jioni sehemu yake imo kivulini, na paneli zikiunganishwa mfululizo, moja ikipata kivuli umeme wa zote unashuka. Wengine wamepandisha simtanki upande wa kaskazini, ambako ndiko jua letu linakopita sehemu kubwa ya mwaka.

Juzi kwa jirani yangu mafundi walitindua ukuta uliokwisha kupigwa rangi, kutoka darini hadi stoo, ili wapitishe nyaya za sola. Gipsamu ikakatwa, na rangi ya kuzibia haikufanana na ya mwanzo. Bomba moja tupu la kupitishia waya, likizikwa ukutani kabla ya plasta, lingemaliza habari hiyo kwa fedha kidogo sana. Na kenchi, zile mbao zinazobeba bati, je? Paneli kubwa za siku hizi zina kilo ishirini na kitu kila moja. Seremala akijua mapema zitakaa wapi, anaongeza mbao pale pale.

Naomba halmashauri zisipitishe ramani ya nyumba ya kuishi mpaka ioneshe mambo hayo: paneli zitakaa upande gani wa paa, waya utashukia wapi, betri na inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa sola uwe wa kutumika nyumbani) vitawekwa chumba gani. Kufunga au kutofunga abaki nalo mwenye nyumba na mfuko wake. Kalifonia, Marekani, tangu 2020 nyumba mpya karibu zote lazima zijengwe na sola, na Kenya mwaka 2012 ilitunga kanuni za kuchemsha maji kwa jua kwenye majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku. Mimi sitaki tuanze na amri. Mtu anayejenga kwa kudunduliza, tofali leo bati mwakani, ukimlazimisha kununua betri utamkwamisha kwenye lenta.

Najua nitaambiwa tuna Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, sola ya nini tena? Umeme wa bwawa bado unasafiri kwa nguzo na transfoma hadi mlangoni kwangu, na transfoma ya mtaa ikiungua, wingi wa megawati haunisaidii kitu.

Shirika la Nyumba la Taifa na Wakala wa Majengo wangeanza na miradi yao mipya, maana wao wana wasanifu wa kuajiriwa. Sisi wengine ramani tunachorewa na fundi mchoraji wa mtaani, naye huchora kile ambacho ofisi ya kibali inakidai.

Mkazi wa Dodoma