Barabara za kijiji zipangwe na wanakijiji

Mhariri,

Naomba nafasi niseme kuhusu barabara zetu za huku milimani Bwera, wilaya ya Kasese, Uganda. Sio kwamba tunakataa barabara, nani atakataa, kahawa yetu inateremka kwa boda na mvua ikinyesha murram inateleza hadi unasukuma pikipiki badala ya kuipanda. Shida ni mipango. Greda linakuja, linanyoosha kona zote, linapanua utadhani tunangoja matrela ya Mombasa, miembe ya kivuli inaondoka asubuhi moja tu, halafu mitaro hawachimbi, kalavati hakuna, sasa mvua ya kwanza maji yote yanaingia kwa ndizi za jirani na kubeba udongo. Zile kona wazee walizifuatisha na mlima kwa sababu, maji yasipate mbio.

Sheria ya mipango ya ardhi ya 2010 ilisema nchi nzima ni eneo la mipango, hata vijijini, na Katiba ya 1995 ibara ya 26 inataka mtu alipwe fidia kabla mali yake haijachukuliwa. Lakini mkutano wa LC1, yaani baraza la kijiji, unaitwa greda likiwa limeshafika, jamani! Watuite mapema wapime na sisi, njia ya miguu ya kwenda majini ibaki, barabara iwe nyembamba lakini na mitaro ya mawe, miti ipandwe kando. Upana wote ule wapeleke Mpondwe, mpakani na Kongo, matrela yako huko.

Mkaazi wa Bwera