Watoto wa makao wanahitaji nyumba kuliko futari

Ndugu Mhariri,

Kila mwezi wa Ramadhani, na Krismasi inapokaribia, makao ya watoto hapa Tanga hupokea wageni wengi wanaoleta mchele, mafuta na nguo, wakapiga picha na kuondoka. Siubezi wema huo, ingawa picha zingeweza kupungua, lakini naomba nafasi niwakumbushe wasomaji kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka njia nyingine ambayo wengi wetu hatuijui, nayo ni malezi ya kambo, yaani mtoto kukabidhiwa kwa familia isiyo yake kwa kupitia ofisi ya ustawi wa jamii na chini ya uangalizi wake.

Nikizungumza na majirani wa Makorora na Ngamiani, kikwazo ninachokisikia mara nyingi ni cha dini, kwamba Uislamu haumruhusu mtu kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wake wa nasaba. Hoja hiyo ina msingi, kwani Sura ya Al-Ahzab inaagiza watoto waitwe kwa baba zao. Ila inagusa kuasili, ambako mahakama humhesabu mtoto kuwa wa aliyemwasili. Mlezi wa kambo hubeba wajibu wa chakula, shule, matibabu na adabu, na mtoto hubaki na jina la baba yake na ndugu zake.

Linalonisumbua zaidi ni umri. Wanaojitokeza huulizia kitoto kichanga, ilhali mtoto wa miaka tisa au kumi, ambaye pengine bado anakojoa kitandani na kuficha mkate chini ya mto kwa hofu ya kesho, hapati wa kumuulizia. Huyo ndiye anayehitaji mtu aliye tayari kukaa naye mpaka atimize miaka 18, atakayevumilia kujaribiwa kwa miezi mingi bila kumrudisha makao kwa kosa la kwanza, na asiyechukizwa na afisa ustawi kuja kukagua nyumbani kwake.

Naiomba ofisi ya ustawi wa jamii ya Jiji ilipeleke suala hili katika mikutano ya mitaa, misikitini na makanisani, ikieleza kwa Kiswahili chepesi fomu zinapatikana wapi na mwombaji huchunguzwa nini, na ifanye hivyo kabla ya Ramadhani ijayo.

Wako,
Msomaji, Makorora, Tanga