Kahawa ya barazani nayo ni maji

Mhariri,

Kila joto la kaskazi likishika, ushauri uleule huzunguka Lamu na Malindi: kunywa glasi nane za maji kwa siku, na usihesabu chai, kahawa, maziwa wala sharubati, maana eti kahawa hukausha mwili. Safu yenu ya afya imeurudia, na ikaongeza kwamba hata mtoto mchanga apewe maji kidogokidogo. Kuhimiza watu wanywe wakati wa joto ni sawa. Hayo mengine si sawa, na la mwisho ni la hatari.

Tuanze na glasi nane. Chanzo kinachotajwa sana ni mwongozo wa Marekani wa mwaka 1945, ulioandika kwamba mtu mzima anahitaji kama lita 2.5 za maji kwa siku. Sentensi iliyofuata ilisema sehemu kubwa ya maji hayo imo tayari ndani ya chakula. Sentensi ya kwanza ikasafiri, ya pili ikabaki bandarini. Mwaka 2002 daktari wa figo Heinz Valtin aliusaka ushahidi wa glasi nane kwa mtu mzima mwenye afya, asiupate.

Mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2010 unataja lita 2.0 kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanamume. Mjamzito huongeza mililita 300, anayenyonyesha 700. Viwango hivyo ni vya maji yote yaingiayo mwilini, ya kikombe na ya sahani. Chai ya rangi ni maji karibu yote. Maziwa ni asilimia 88, embe 83, tikiti zaidi ya 90, na wali ulioiva takriban 70.

Kahawa sasa. Ni kweli kafeini huongeza mkojo, lakini ikiwa nyingi kwa mpigo, hasa kwa mtu asiyeizoea. Mnywaji wa kila siku figo zake zimeshazoea, na maji yanayobaki mwilini ni mengi kuliko yanayotoka. Utafiti uliofanywa Uingereza na kuchapishwa mwaka 2014 uliwapa wanaume 50 waliozoea kahawa vikombe vinne vya mililita 200 kwa siku, kisha maji kwa kiasi hichohicho. Vipimo vya maji mwilini havikutofautiana. Finjani ya barazani huchukua kama mililita 60, kwa hiyo finjani kumi ni mililita 600, zaidi ya glasi mbili. Zihesabuni. Mpaka wa kafeini kwa mtu mzima ni miligramu 400 kwa siku na kwa mjamzito 200, na kahawa iliyochemka ndani ya dele tangu alasiri si nyepesi. Mjamzito aishie finjani tatu au nne, tena akumbuke kwamba chai ya rangi nayo ina kafeini.

Chukueni siku ya mwanamke wa hapa asiyefanya kazi ya jua. Asubuhi vikombe viwili vya chai ya maziwa: mililita 480 za maji baada ya kutoa sukari na mafuta. Mchana gramu 300 za wali wa nazi, 200. Kipande cha samaki na mchuzi wake, 200. Embe moja la kiasi, 165. Alasiri glasi kubwa ya sharubati ya ukwaju, 265. Jumla ni 1,310 kabla hajagusa mtungi. Kufika lita 2.0 zimebaki kama mililita 700, yaani glasi tatu za maji, si nane. (Mahamri hatukuyatia. Yana maji, lakini machache mno kuyahangaikia.)

Hesabu hiyo ni ya hali ya hewa ya wastani na kazi ya wastani. Februari ya Malindi si ya wastani. Mpagazi wa gatini, mvuvi anayevuta nyavu au mchonga mawe hutoa nusu lita hadi lita nzima ya jasho kwa saa, pengine zaidi. Kipimo hakina ufundi: apande mizani kabla ya kazi na baada ya kazi, akiwa amejifuta jasho na amevua nguo zilizolowa. Kila kilo iliyopungua ni lita ya maji, ukijumlisha na aliyoyanywa katikati. Mtu wa kilo 60 akipoteza kilo 1.2 nguvu huanza kumwishia na kichwa kumgonga. Anywe glasi moja kila dakika 20 au 30 tangu mwanzo wa kazi. Akingoja adhuhuri ndipo ateremshe lita mbili kwa mkupuo, nyingi ataikojoa. Tena maji matupu mengi mno kwa muda mfupi huipunguza chumvi ya damu, na hilo huweza kuua. Figo za mtu mzima haziwezi kutoa zaidi ya lita moja hivi kwa saa.

Waliofunga Ramadhani wana shida hiyohiyo kwa sura nyingine. Glasi mbili wakati wa kufuturu, moja kila saa hadi kulala, na mbili kwenye daku hukaa mwilini kuliko jagi zima dakika kumi kabla ya adhana.

Kwa kuwa kila kinywaji ni maji, swali la maana ni maji hayo yameingia na nini. Soda ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vinane vya chai hivi. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongezwa isizidi gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana iwe 25. Chupa moja imeshapita 25. Kwa hiyo watafunaji wa mugoka (aina ya miraa) wanaoteremshia na soda mbili tatu wanapata maji, ndiyo, pamoja na theluthi hadi karibu nusu ya glasi ya sukari. Sharubati ya nyumbani haina cha kujivunia ikiwa imekorogwa ikawa shira. Chai haina ubaya, ila tanini yake huzuia madini ya chuma yaliyo kwenye maharagwe na mboga, basi mwenye upungufu wa damu ainywe saa moja baada ya chakula, si pamoja nacho.

Maji ya madafu ni kinywaji kizuri na yanahesabiwa yote. Yana potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, kwa hiyo mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu ayaache, na mwenye kuharisha asiyategemee peke yake. Mnazi uliolala, yaani pombe ya mnazi iliyochacha, tusiuingize kwenye hesabu. Pombe huizuia homoni inayoziambia figo zishike maji, ndiyo sababu mnywaji huamka usiku na kiu na kibofu kimejaa kwa pamoja.

Lamu ina jambo lake. Maji tamu ya mjini hutegemea mvua iliyonywewa na matuta ya mchanga ya Shela, na visima vingine vingi vina ukali wa chumvi. Watu husema wakiyapikia chai huwa mazuri. Kuchemsha huua vijidudu, lakini chumvi haiendi popote. Maji yakipungua sufuriani, chumvi huzidi kukolea. Tangawizi na sukari huuficha ule ukali ulimini tu. Mwenye shinikizo la damu anayekunywa lita mbili za maji hayo kila siku anakula chumvi asiyoiona kwenye sahani, na kiwango chote cha siku hakitakiwi kufikia gramu 5.

Kasoro kubwa hutokea mtoto anapoharisha. Hapo chai, soda na sharubati si mbadala. Sukari nyingi huvuta maji kuyaingiza utumboni na choo kikazidi kuwa chepesi. Pakiti ya ORS (dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini) ina chumvi na glukosi kwa kipimo, kwa sababu viwili hivyo huingia kwa mlango mmoja kwenye ukuta wa utumbo na maji huvifuata. Soma pakiti: ziko za nusu lita na za lita moja. Ya lita ikitiwa kwenye chupa ya nusu lita inakuwa na chumvi maradufu, na mtoto atazidi kukauka. Usigawe pakiti kwa kukisia, usiikoroge kwenye soda, na ikipita saa 24 mwaga. Aliye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila aharishapo, mkubwa wake 100 hadi 200, kwa kijiko. Akitapika ngoja dakika kumi, uendelee polepole zaidi. Pakiti ikikosekana, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kupangusa, kwenye lita moja ya maji safi. Maji hayo yasiwe ya chumvi. Kwa maji ya kisima cha chumvi, kipimo kimeharibika kabla hujafungua kopo la chumvi.

Na mtoto mchanga. Hadi atimize miezi sita hahitaji maji, hata kaskazi, hata Malindi. Maziwa ya mama ni maji kwa asilimia 87 hivi, na joto likizidi humnyonya mama mara nyingi zaidi. Kijiko cha maji hulijaza tumbo dogo pasipo chakula, humpunguzia mama maziwa na humletea mtoto vijidudu vya kisimani. Anayehitaji glasi ya ziada nyumba hiyo ni mama. Tunaomba mstari ule wa safu yenu usahihishwe katika toleo lijalo, mahali palepale ulipochapishwa.

Wahudumu wa lishe,
Lamu