Dada, ulikifunga mapema

Dada, shikamoo.

Ujumbe wako umenifika, ule uliompa shangazi anifikishie kana kwamba namba yangu huna. Kwamba nisimharibu mwanao. Kwamba msichana aliyeingia chuo juzi anahitaji vitabu vya kumjenga, si vya watu wanaojiua. Mtoto aliniomba mwenyewe Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, nikampa nakala yangu, ile ile unayoijua. Naandika hapa mbele za watu kwa sababu kwenye simu huwa unasema "tuyaache hayo" kabla sijafika popote.

Hofu yako naielewa. Kezilahabi hana huruma. Rosa anajiua. Kazimoto wa Kichwamaji, msomi wa chuo kikuu, naye anajiua. Tumaini wa Dunia Uwanja wa Fujo ananyongwa. Riwaya tatu kati ya 1971 na 1975, na hakuna hata moja inayomwacha mtu alale vizuri. Kichwamaji nilikisoma hosteli, na nilipofika kwenye habari za mtoto wa Kazimoto nilikiweka chini, nikaenda kukaa na wenzangu waliokuwa wakimenya viazi, nisikie tu watu wakibishana kuhusu chumvi. Lakini sikutamani kumfuata Kazimoto. Nilitamani kumzaba kibao, kwa jinsi anavyojiona na jinsi anavyowatazama wanawake. Kilichonitisha hasa ni Nagona yake, kijitabu chembamba ambacho humo ndani hujui umshike nani mkono. Usiku ule nililala taa ikiwaka.

Rosa ni habari nyingine, na unajua kwa nini.

Siku ya kuanua tanga la baba, baba mkubwa aliuliza mbele ya ukoo mzima kwa nini mimi sikulia makaburini. Ungeweza kunyamaza. Ukaenda chumbani, ukarudi na kitabu changu. "Huyu atalia saa ngapi, kichwa kimejaa haya," ukasema, ukaanza kuwasomea. Ulikuwa unatafuta uchafu wa kunianika nao, lakini kitabu kikakufungukia kurasa za mwanzo, pale Zakaria, yule mlevi, anapomshukia Rosa, binti yake, kwa ajili ya barua ya mvulana. Ulisoma kwa ile sauti yako ya somo la kwanza kanisani. Mistari michache tu, halafu sauti ikakwama. Ukatazama mlango wa chumba cha nyuma. Nilikuona, dada. Kisha ukakifunga. "Uchafu mtupu," ukasema, wazee wakaitikia, chai ikaletwa.

Kunianika nimekusamehe zamani. Kile kitendo cha kukifunga ndicho kinachonikaba mpaka leo. Angekuwa mwingine ningesema hakujua alichokuwa anakisoma. Wewe ndiye uliyekuwa ukinifunika khanga na kuniambia nihesabu mabati mpaka kelele ziishe. Wewe ndiye uliyetoka nje siku ile ya redio ukasema umeivunja wewe, na mkanda ukakupata wewe. Nani mwingine duniani angemtambua Zakaria haraka hivyo?

Si wewe tu uliyekikataa. Hata mashuleni kilipigwa marufuku kwa muda. Ninaokutana nao bado wanakilaumu kwa sababu ya ngono na mimba. Kwa kipigo, sijamsikia hata mmoja.

Kule mwisho, Rosa na baba yake wanafikishwa mbele za Mungu, kila mmoja akimtupia mwenzake lawama. Rafiki zangu wanaona sehemu hiyo imebandikwa tu, kwamba riwaya ingeishia kaburini. Labda kweli. Mimi nikikifungua huwa naanza na hapo, kwa sababu angalau kuna mtu ameitwa akaulizwa. Kwetu kesi hiyo haijawahi kusikilizwa. Tulimzika baba kwa kwaya na wasifu mzuri, ulioandika wewe, na ulikuwa na mwandiko mzuri.

Kwa hiyo mwache mtoto asome. Akinyamaza siku mbili, mpikie, usimpeleke kuombewa. Asipokimaliza, usimcheke. Akikuuliza babu yake alikuwa mtu wa namna gani, mjibu. Na usidhani nilimpa kitabu ili akuulize. Sijawahi kumfungulia mdomo yeye wala mtoto mwingine yeyote wa ukoo huu. Siri ya nyumba ile nimeitunza kuliko ninyi nyote, na bado ni mimi mnayesema nina kichwa kibovu! Nilipopaliwa na maneno nilikwenda kusoma. Wenzangu walikwenda baa, mmoja unamjua. Ungependelea lipi?

Nilijua hujanitupa Januari 2020, Kezilahabi alipofariki. Ujumbe wa kwanza ulitoka kwako: "Pole, mzee wako wa Ukerewe ametutoka." Sikujua kama ni pole au ni dhihaka, nikajibu "asante" tu. Nimeutunza. Ulisema "ametutoka", dada. Sisi.

Kitabu kikirudi, kirudi na kurasa zake zote, maana kuna mtu kwenye nyumba hiyo ana mazoea ya kuchana. Na unipigie mwenyewe. Shangazi ana presha, na kila akileta maneno yako anaongeza na ya kwake.

Mdogo wako.